Chonge Haingoji Miezi Sita

Ushauri unaozunguka zaidi miongoni mwa wafugaji wa mbwa wadogo mijini ni huu: subiri afikishe miezi sita, umpeleke ahasiwe, na hapohapo ang'olewe meno ya utoto yaliyogoma kutoka. Nusukaputi moja, gharama moja, vidonda vinapona kwa pamoja. Ushauri huo una mantiki, na kwa mbwa wengi unafaa kabisa. Tatizo lake ni kwamba unazichukulia kazi hizo mbili kana kwamba zina haraka sawa. Kuhasi mbwa wa kilo tatu kunaweza kusogezwa wiki kadhaa mbele au nyuma, wakati mwingine hata miezi, bila kumdhuru. Chonge ya utoto iliyong'ang'ania kando ya chonge ya kudumu haitoi nafasi hiyo. Tangu siku jino jipya linapotoboa ufizi, wiki mbili hivi zinatosha kulipotosha, na likishapotoka halirudi lenyewe.

Msimamo wangu, basi, ni kwamba kalenda ya mbwa mdogo ipangwe na meno yake, na kuhasi kufuate. Jike ndiye pekee anayeleta neno la pili kwenye hesabu hiyo, kwa sababu joto lake la kwanza nalo lina tarehe yake. Ninapozungumzia mbwa mdogo nina maana ya yule ambaye akikomaa hatazidi kilo kumi: Maltese, Yorkshire Terrier, Pomeranian, Chihuahua, Shih Tzu, Japanese Spitz na machotara wao, ambao siku hizi wamejaa kwenye nyumba za ghorofa za Kilimani na Kileleshwa, Mikocheni na Masaki.

Tuanze kinywani. Mtoto wa mbwa huzaliwa kibogoyo. Meno ya utoto huanza kuchomoza akiwa na wiki tatu hivi, na kufikia wiki ya nane anayo 28: ya mbele 12, chonge 4 na magego madogo 12. Ya kudumu ni 42. Mabadiliko huanza meno ya mbele yanapopokezana, kuanzia mwezi wa tatu au wa nne. Chonge hufuata, kwa kawaida katika mwezi wa tano na wa sita, na ifikapo miezi saba kazi yote inatakiwa iwe imekwisha. Mambo yakienda sawa, jino la kudumu linapopanda, mzizi wa jino la utoto huyeyuka kidogo kidogo kuanzia nchani, mpaka linabaki limeshikwa na ufizi tu. Linadondoka, mara nyingi mbwa anali­meza pamoja na chakula, na mwenye mbwa hajui kama kuna kilichotokea.

Kwa mbwa wadogo mfumo huu hukwama mara nyingi kuliko kwa wakubwa, na urithi una sehemu kubwa katika hilo. Wazalishaji wamepunguza mwili wa mbwa kizazi baada ya kizazi, lakini meno hayakupungua kwa kiwango kilekile. Matokeo yake ni taya dogo lililobeba meno makubwa kuliko nafasi yake. Mzizi wa jino la utoto hauyeyuki, au unayeyuka upande mmoja tu, na jino la kudumu linalazimika kutafuta njia nyingine. Njia hiyo hutegemea jino lenyewe, na hapa ndipo mwenye mbwa anapopaswa kuelewa ramani ya kinywa.

Chonge ya kudumu ya chini huchomozea upande wa ndani wa ile ya utoto, yaani upande wa ulimi. Ile ya utoto isipotoka, jipya linabaki limebanwa ndani. Kinywa kikifungwa, badala ya kuingia kwenye mwanya ulio kati ya jino la mwisho la mbele la juu na chonge ya juu, linachoma kaakaa. Kila mbwa anapofunga mdomo, anachomwa. Baada ya muda hutokea shimo, na shimo hilo linaweza kufika hadi puani, chakula na maji yakaanza kupita kusikotakiwa. Chonge ya juu hufuata njia yake: huota mbele ya ile ya utoto, na ikisukumwa inaelekea mbele na kuuziba mwanya uleule ambao chonge ya chini inauhitaji. Kwa hiyo jino moja lililogoma juu linaweza kuliharibia nafasi jino la chini ambalo halikuwa na shida yoyote.

Hata pale ambapo meno hayakupotoka, mawili yanayokaa pamoja yananasa nywele na mabaki ya chakula katikati yao. Ukoga unaganda, ufizi unavimba, mfupa unaanza kulika. Ugonjwa wa fizi ndio ugonjwa unaowapata mbwa wengi kuliko mwingine wowote. Wengi wana dalili zake kabla hawajatimiza miaka mitatu, na wadogo huongoza. Taya la Chihuahua ni jembamba kiasi kwamba gego kubwa la chini limekula sehemu kubwa ya kina chake. Fizi zikiugua kwa miaka na mfupa ukapungua hapo, taya linaweza kuvunjika kwa kuanguka kutoka kwenye kochi tu.

"Daktari, si yatatoka yenyewe tu, kama ya mtoto?" Swali hili nalisikia mara nyingi, na ninalielewa. Binadamu hubadilisha meno kwa miaka mingi, na jino likichelewa mwezi mmoja hakuna anayehangaika. Mbwa humaliza kazi yote hiyo ndani ya miezi minne hivi. Mwezi mmoja wa mbwa ni robo ya safari nzima.

Kanuni inayofuatwa na madaktari wa meno ya wanyama ni fupi: meno mawili ya aina moja hayakai mahali pamoja kwa wakati mmoja. Ukiona chonge mbili zimesimama bega kwa bega, ya utoto ikiwa nyembamba na yenye ncha kali kama sindano, ya kudumu ikiwa nene, umeshapata jibu. Gusa ile nyembamba kwa ncha ya kidole. Ikitikisika waziwazi, ipe siku chache, wiki moja isizidi. Ikiwa imara, usingoje tarehe ya kuhasi. Piga simu kliniki, waambie mbwa ana chonge mbili, na uombe nafasi ya karibu.

Kosa la upande wa pili lipo pia, nalo linatokana na kanuni kusomwa nusu. Mbwa wa miezi mitano mwenye chonge za utoto peke yake, bila dalili ya jipya kuchomoza, hana jino lililogoma. Ana jino ambalo siku yake haijafika. Kuling'oa mapema kunaweka hatarini jino la kudumu ambalo bado linajijenga ndani ya taya, karibu kabisa na mzizi wa lile la utoto. Likiguswa na chombo, gamba lake gumu linaweza kutoka na kasoro ya kudumu. Mbwa akifikisha miezi saba na bado ana jino la utoto tu, dawa ni eksirei. Wapo mbwa ambao jino la kudumu la mahali hapo halikuumbika kabisa, na kwa hao lile la utoto likiwa zima na mzizi wake haujaharibika linaweza kuachwa limtumikie. Wapo wengine ambao jipya limekwama ndani ya mfupa, na hao wanahitaji msaada, kwa sababu jino lililofungiwa linaweza kuzungukwa na mfuko wa maji unaokula taya kimyakimya.

Ipo hali nyingine inayohalalisha kung'oa kabla jipya halijaonekana: mtoto wa mbwa wa wiki nane hadi kumi na mbili ambaye chonge zake za utoto za chini zinachoma kaakaa, au zimenasa na kulizuia taya la chini lisikue. Zikiondolewa, taya linaachiwa huru. Hiyo ni kazi ya daktari aliyewahi kuifanya, kwa sababu machipukizi ya meno ya kudumu yako pale pale.

Ung'oaji wenyewe hauna udogo unaodhaniwa. Kinachoonekana juu ya ufizi ni sehemu ndogo ya chonge ya utoto. Mzizi ni mrefu mara mbili au zaidi, mwembamba, umepinda kuelekea nyuma, na huvunjika kirahisi. Ukibaki ndani, unaweza kuendelea kulisukuma jino jipya au kuleta uvimbe. Kwa hiyo mbwa analazwa kwa nusukaputi, anawekewa mpira wa hewa kooni ili damu na maji visiingie mapafuni, anachomwa ganzi ya eneo, kisha daktari analegeza nyuzi zinazoshika mzizi taratibu, pande zote, kabla ya kushika jino kwa koleo. Ana subira, kwa sababu kinachong'oa ni kulegeza, nguvu haisaidii. Eksirei kabla na baada ndiyo njia bora ya kujua kama mzizi umetoka wote. Mahali isipokuwepo, dai kuonyeshwa jino lililong'olewa, uone kama ncha ya mzizi ni nzima.

Hili naliandika kwa msisitizo: kumshika mbwa akiwa macho na kulivuta jino kwa koleo ni ukatili, na kulikata usawa wa ufizi ni udanganyifu, maana mzizi umebaki na kazi haijafanyika. Wala usimpe mfupa mgumu au kuvutana naye kamba ukitegemea jino lichomoke. Mfupa mgumu huvunja meno mapya, na jino la utoto likivunjika linaacha njia ya vijidudu kuingia mpaka kwenye chipukizi la lile la kudumu.

Sasa tuingie kwenye kuhasi, ambako mjadala umekuwa mkali zaidi kuliko unavyostahili kwa mbwa wa kilo tatu. Miezi sita ni mazoea ya kliniki: chanjo zimekamilika, mbwa amekua kiasi cha kuvumilia dawa, na wengi bado hawajapevuka. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha utafiti juu ya Golden Retriever ulioonyesha kwamba waliohasiwa mapema walipata zaidi magonjwa ya viungo, ikiwamo nyonga na goti. Habari hiyo ilisambaa, na wenye mbwa wa kila ukubwa wakaanza kuogopa. Hofu hiyo ina msingi kwa mbwa wakubwa. Homoni za uzazi ndizo husaidia kufunga sehemu za mifupa zinazokua. Zikiondolewa mapema, mifupa mirefu inaendelea kurefuka kwa muda zaidi, na kwa mbwa wa kilo 35 mabadiliko madogo ya pembe ya goti yanabeba uzito mkubwa.

Watafiti haohao walirudi mwaka 2020 na data za aina 35 za mbwa. Kwa wale wadogo, wakiwemo Chihuahua, Maltese, Pomeranian na Yorkshire Terrier, magonjwa hayo ya viungo yalikuwa machache mno, na umri wa kuhasiwa haukuyaongeza. Katika kundi la wadogo, ongezeko la saratani lilionekana kwa Boston Terrier na Shih Tzu tu, kwa hiyo mwenye Shih Tzu, hasa jike, ana sababu ya kuzungumza na daktari wake kwa kina zaidi. Wengine wote hawana sababu ya kuchukua ushauri ulioandikwa kwa ajili ya Golden Retriever na kuuvalisha Maltese. Mwongozo wa hatua za maisha ya mbwa uliotolewa na chama cha hospitali za wanyama cha Marekani, AAHA, mwaka 2019 unafuata mstari huo: mbwa atakayekuwa chini ya kilo 20 hivi, dume ahasiwe akiwa na miezi sita, jike kabla ya joto la kwanza, madume wakubwa wasubiri mpaka ukuaji uishe.

Jike ana hoja nzito kuliko dume. Usaha kwenye mfuko wa uzazi ni ugonjwa unaoua, na takwimu za bima za mbwa nchini Uswidi, ambako majike wengi huachwa na kizazi chao, zilionyesha kwamba takriban robo yao huupata kabla ya kutimiza miaka kumi. Jike aliyetolewa kizazi na ovari hawezi kuupata isipokuwa kipande cha kiungo kimesahaulika ndani. Kuhusu uvimbe wa matiti, utasikia tarakimu tatu zikirudiwa: 0.5, 8 na 26. Zinatoka kwenye utafiti wa Schneider na wenzake wa mwaka 1969, na watu wengi huzisoma vibaya. Hazisemi kwamba asilimia 26 ya majike waliotolewa kizazi baada ya joto la pili watapata uvimbe. Zinasema hatari yao ni asilimia 26 ya ile ya jike ambaye hakutolewa kizazi kabisa. Baada ya joto la kwanza ni asilimia 8, na kabla ya hapo nusu asilimia. Mwaka 2012 watafiti wa Royal Veterinary College ya Uingereza walipitia ushahidi wote uliokuwapo na kusema ni dhaifu. Mimi naichukulia hoja ya matiti kama sababu ya ziada; hoja ya usaha na ya mimba inatosha.

Mimba hasa. Miji yetu ina madume wengi wanaozurura, na jike wa kilo tatu aliyepandwa na dume wa kilo kumi na tano anaweza kubeba watoto wasioweza kupita kwenye nyonga yake. Hiyo huishia kwenye upasuaji wa usiku, na si kila kliniki iko wazi usiku. Madume hao hao hubeba uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana, ambao ni wa kawaida katika Afrika Mashariki. Mbwa wadogo hupevuka mapema: wengi huingia joto kati ya miezi sita na kumi, wachache hata katika mwezi wa tano. Kutokwa mkojo usingizini baada ya kutolewa kizazi, tatizo linaloogopwa kwa sababu nzuri kwa majike wakubwa, ni nadra zaidi kwa wadogo. Kwa jike mdogo, kwa hiyo, dirisha bora ni kati ya miezi mitano na nusu na sita na nusu, kabla damu ya kwanza haijaonekana. Ikishaonekana, subiri miezi miwili hadi mitatu: wakati wa joto mishipa ya kizazi huwa imejaa damu, na mapema baada ya hapo kuna hatari ya mimba bandia.

Dume hana usaha wala joto. Kumhasi kunamwondolea uvimbe wa korodani na shida nyingi za tezi dume uzeeni, na kwa kawaida kunapunguza kuzurura, kupanda miguu ya watu na kukojolea pembe za nyumba. Hakuna kati ya hayo linalodai mwezi wa sita badala ya wa kumi. Tabia ndiyo inayoweza kuamua. Dume mwenye kujiamini anayeanza kutoroka getini ahasiwe mapema. Dume mwoga, anayejificha wageni wakija na kubweka kwa hofu, namwacha akue kwanza na kufundishwa, kwa sababu kuhasi hakuponyi hofu, na zipo dalili kwamba kwa baadhi yao kunaizidisha.

Halafu kuna korodani ambayo haikushuka, jambo linalowapata mbwa wadogo zaidi ya wengine. Kwa kawaida zote mbili huwa chini kufikia wiki ya nane hivi; isiyoonekana kufikia miezi sita haitashuka. Iliyobaki tumboni ina hatari ya saratani takriban mara kumi ya ile ya kawaida, kwa hiyo ni lazima itolewe, pamoja na mwenzake, na mbwa huyo asizalishwe kamwe kwa sababu hali hiyo hurithiwa. Hata hivyo saratani hiyo huja baada ya miaka. Haihitaji upasuaji wiki hii.

Tuweke mambo pamoja. Maltese dume, miezi mitano, kilo mbili na nusu, chonge za chini mbili mbili pande zote na hazitikisiki. Meno yang'olewe wiki hii. Kama chanjo zimekamilika, korodani zote ziko chini na si mwoga, ahasiwe akiwa amelala hapohapo. Kama mwenyewe anataka kusubiri mwaka, asubiri, lakini meno yasisubiri naye. Yorkshire Terrier wa umri huohuo na meno ya hali hiyohiyo, mwenye korodani moja tumboni: meno sasa, tumbo baadaye, akiwa na miezi minane au kumi na uzito wa kutosha. Pomeranian jike, miezi sita, chonge ya juu mpya imechomoza siku tatu zilizopita kando ya ile ya utoto, na damu bado haijaonekana: huyu ndiye ambaye ushauri wa kufanya yote kwa pamoja ulitungwa kwa ajili yake. Mpangie siku ya karibu, umalize. Angekuwa ameshaingia joto, ningeng'oa meno na kuacha kizazi mpaka miezi miwili au mitatu ipite.

Anayeogopa nusukaputi mbili ana haki ya kuogopa, lakini apime hofu yake. Utafiti mkubwa uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2008, uliofuatilia mbwa wapatao 98,000, ulikuta kwamba kati ya wale wenye afya alikufa takriban mmoja katika kila 2,000, na kwamba walio chini ya kilo tano walikuwa na hatari kubwa zaidi. Hizo ni kliniki zenye vifaa. Nusukaputi ya pili, kwa hiyo, si kitu cha kuchezea. Lakini ukiiweka kwenye mizani dhidi ya chonge inayotoboa kaakaa, ambayo baadaye itadai kung'olewa jino la kudumu lenye mzizi mkubwa au matibabu ya kulisogeza, kwa wataalamu ambao ni wachache mno katika nchi zetu, mizani inaelemea upande wa kung'oa sasa. Usalama unaongezwa zaidi na maandalizi kuliko na kuahirisha.

Kwenye maandalizi, jambo la kwanza kwetu ni kupe. Homa za kupe, hasa ile ya Ehrlichia, hupunguza chembe sahani zinazogandisha damu, na mbwa anaweza kuonekana mzima huku damu yake haigandi. Mbwa ana damu ya mililita 80 hadi 90 kwa kila kilo. Mwenye kilo mbili ana pungufu ya mililita 180, na akipoteza kijiko kikubwa kimoja na kidogo zaidi ameshapoteza sehemu ya kumi. Omba apimwe damu kabla ya upasuaji, chembe sahani zikiwemo. Yorkshire Terrier au Maltese asiyekua vizuri, anayepumbaa baada ya kula, apimwe ini pia, kwa sababu aina hizo huzaliwa mara kwa mara na mshipa unaopitisha damu kando ya ini, na mbwa wa namna hiyo hawezi kuondoa dawa za usingizi mwilini ipasavyo.

Jambo la pili ni njaa. Mbwa mkubwa anaweza kulala bila chakula, lakini mtoto wa mbwa wa kilo mbili akifungishwa usiku kucha sukari yake inaanguka. Uliza kliniki saa kamili ya mlo mdogo wa mwisho. Kwa hawa mara nyingi ni saa chache tu kabla, na maji hayaondolewi mapema. La tatu ni baridi. Mwili mdogo hupoteza joto haraka, kwa hiyo uliza watamweka juu ya nini na nani atakuwa akimwangalia joto na pumzi wakati daktari ana kisu mkononi. Kama kazi zote mbili zinafanyika siku moja, tumbo litangulie na mdomo ufuate, kila kazi na vifaa vyake, ili vijidudu vya kinywani visifike kwenye kidonda safi. Daktari aliyesajiliwa hatachukia maswali haya. Anayechukia, tafuta mwingine.

Baadaye, chakula laini kwa siku chache kwa ajili ya fizi, kola shingoni kwa ajili ya mshono mpaka siku kumi hadi kumi na nne, na hakuna kuruka kutoka kwenye kochi. Mbwa aliyehasiwa huhitaji chakula pungufu kwa takriban robo. Punguza sahani mapema, kabla hajanenepa, maana goti la mbwa mdogo ambaye pia yake inateleza linateseka kwa kila gramu. Fizi zikipona, anza mswaki, wa watoto, na dawa ya meno ya mbwa, kamwe si ya watu.

Kwa hiyo ewe mwenye mtoto wa mbwa mdogo, tangu akiwa na miezi mitatu na nusu mpaka saba, mfungue mdomo mara moja kila wiki. Inua mdomo wa juu kushoto na kulia, shusha wa chini, angalia chonge nne, umpe kitu kitamu, basi. Ukiona mbili mahali pa moja na ya zamani haitikisiki, usiulize amefikisha miezi mingapi. Mpeleke wiki hiyohiyo.